Miji ya Bandari ya Mexico Upande wa Pasifiki: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni ya msafiri anayetoka Afrika Mashariki, na ya ndugu zetu walioko Marekani na Ulaya ambao kwao Mexico si mbali sana. Mpangilio ni wa maswali yanavyokuja, si wa ramani.

Miji gani hasa inazungumziwa hapa?

Pwani ya Mexico upande wa Pasifiki ni ndefu mno: inaanzia Ensenada karibu na mpaka wa Marekani na kuishia Puerto Chiapas jirani na Guatemala. Wageni wengi huenda Mazatlán (jimbo la Sinaloa), Puerto Vallarta (Jalisco), Zihuatanejo na Acapulco (Guerrero) au Huatulco (Oaxaca). Kwenye rasi ya Baja California kuna Cabo San Lucas na La Paz. Manzanillo, jimbo la Colima, ndiyo bandari kubwa ya makontena nchini humo, na Salina Cruz ni ya mafuta. Hizo mbili unaweza kuzipita bila majuto, ingawa wavuvi wa mchezo watanipinga kuhusu Manzanillo kwa sababu ya sulisuli wake.

Cancún haimo. Iko Karibi, upande wa pili wa nchi.

Nimekulia pwani na najua kuogelea. Kuna jipya gani kwenye bahari ya kule?

Lipo, na ni vyema ulijue kabla hujavua viatu. Kwetu, kuanzia Lamu hadi Mtwara, miamba ya matumbawe huvunja wimbi mbali na ufuo. Ndiyo maana mtoto wa Nyali au Kunduchi hujifunza kuogelea kwenye maji yaliyopoa. Pasifiki ya Mexico kwa sehemu kubwa haina ukuta huo. Wimbi linakuja na nguvu zake zote na kupasukia miguuni pako. Fukwe nyingi zina mteremko mkali: hatua chache tu maji yako kifuani, kisha wimbi linarudi na kukuvuta pamoja na mchanga uliosimamia.

Kuna pia mikondo inayorudi baharini. Ikikushika, usishindane nayo kuelekea nchi kavu. Ogelea sambamba na ufuo hadi ikuachie, ndipo ugeuke. Ufuo wa Zipolite, Oaxaca, ni mzuri wa kupigiwa picha, na umezamisha watu wengi waliojiona hodari. Zaidi ya hapo, Wamexico wana siku wanazoziita *mar de fondo*: mawimbi makubwa yaliyozaliwa na dhoruba ya mbali, pengine kusini kabisa mwa Pasifiki, yanapofika wakati jua linawaka na upepo umelala. Mgeni hutazama anga na kudhani mambo ni shwari. Tazama bendera, si anga. Ya kijani ingia, ya njano kuwa mwangalifu, nyekundu kaa mchangani.

Kama unataka maji matulivu, hasa ukiwa na watoto, nenda Caleta na Caletilla kule Acapulco, La Ropa kule Zihuatanejo, ghuba za Huatulco (La Entrega ina matumbawe), au Balandra karibu na La Paz, ambako unaweza kutembea mbali na maji bado yako magotini.

Maji kupwa na kujaa nako ni tofauti. Katika bandari nyingi za upande huu bahari haikimbii mbali kama Jambiani au Paje, kwa hiyo usipange matembezi ya kuokota kombe kilomita nzima ndani.

La kufurahisha ni jua. Sisi tumezoea lichomoze baharini. Kule linazama baharini, na kila mji umejenga barabara ya kutembea kando ya maji, *malecón*, kwa ajili ya saa hiyo. Jioni utakuta familia nzima imetoka, bibi na kiti chake, vijana na baiskeli.

Niende mwezi gani?

Novemba hadi Mei ni kiangazi. Mvua huanza Juni na kuendelea hadi Oktoba, na msimu rasmi wa vimbunga upande huo wa Pasifiki ni kuanzia 15 Mei hadi 30 Novemba. Agosti na Septemba joto lake ni la kunata.

Vimbunga vya huko si vya kupuuza. Patricia, wa Oktoba 2015, ulipimwa baharini ukiwa na upepo wa karibu kilomita 345 kwa saa, kabla ya kutua pwani ya Jalisco mahali penye watu wachache. Kwa Otis wa 2023 bahati hiyo haikuwapo. Nitaueleza kwenye swali la Acapulco.

Epuka wiki ya Pasaka, isipokuwa kama unapenda msongamano. Mexico nzima huteremka baharini wiki hiyo na bei za vyumba hupanda nayo. Desemba na Januari ni majira yao ya baridi. Acapulco hutaligundua hilo, joto ni lile lile mwaka mzima. Mazatlán iko karibu kabisa na Tropiki ya Kansa, kwa hiyo jioni za Januari utatafuta sweta.

Je, nahitaji viza?

Mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania au Uganda anahitaji viza ya Mexico, na ubalozi ulio karibu uko Nairobi. Lakini kuna mlango ambao wengi hawaujui: ukiwa na viza halali ya Marekani, Kanada, Uingereza, Japani au ya nchi za Schengen, au ukaazi wa kudumu katika mojawapo ya nchi hizo, Mexico inakuruhusu kuingia kama mtalii bila viza yake. Muda wa juu ni siku 180, ila ofisa wa uhamiaji ndiye anayeamua idadi ya siku zako. Soma alichoandika kabla hujaondoka dirishani.

Nafikaje huko kutoka Nairobi, Dar es Salaam au Kampala?

Hakuna ndege ya moja kwa moja. Njia ya kawaida ni kupitia Ulaya, Istanbul au Dubai hadi Mexico City, kisha ndege ya ndani hadi pwani. Ukipita Marekani, hata kama ni kubadilisha ndege tu, utahitaji viza ya Marekani, maana hawana utaratibu wa kumwacha msafiri asubiri bila kupita uhamiaji.

Mexico City iko mita 2,240 juu ya usawa wa bahari, juu kuliko Nairobi. Mtu wa Tanga au Mombasa anaweza kuumwa kichwa siku ya kwanza. Pumzika, kunywa maji, teremka pwani kesho yake.

Mabasi yao ya masafa marefu ni ya daraja la juu, yenye viti vya kulala. Kutoka Mexico City hadi Acapulco ni kama saa tano kwa barabara ya kulipia. Kutoka mji wa Oaxaca hadi Puerto Escondido, pwani ya jimbo hilo, palikuwa na milima ya kutapisha watu. Barabara mpya iliyofunguliwa Februari 2024 imepunguza safari hiyo hadi chini ya nusu ya muda wa zamani. Na kati ya Mazatlán na La Paz kuna feri ya usiku inayobeba malori na abiria. Si ya anasa, lakini utaona madereva wa malori wakicheza karata hadi alfajiri.

Niko Marekani. Je, safari za meli za kitalii kutoka California zinafaa?

Zinafaa kwa kuonja tu. Meli hutoka Los Angeles, Long Beach au San Diego, mara nyingi kwa usiku saba, zikisimama Cabo San Lucas, Mazatlán na Puerto Vallarta. Unapewa saa chache katika kila bandari, na nusu yake huishia kwenye maduka ya vito yaliyo jirani na gati.

Tahadhari moja kubwa: meli ikitia nanga Mexico umetoka Marekani. Kama viza yako ni ya kuingia mara moja, au kesi yako ya ukaazi au ukimbizi bado haijaamuliwa, zungumza na mwanasheria kabla ya kukata tiketi. Kuna watu wameshangaa gatini wakati wa kurudi.

Nikichagua mji mmoja tu, uwe upi?

Mazatlán, iwapo hali ya usalama inaruhusu (soma swali lake hapa chini). Sababu yangu ni kwamba bado ni mji wa bandari unaofanya kazi yake. Ungeondoa watalii wote leo, kesho bado kungekuwa na meli za kuvua kamba, viwanda vya samaki na wauzaji wanaogombana bei.

Anza mji wa kale. Plazuela Machado ni uwanja mdogo wenye miti na migahawa, na hatua chache kutoka hapo kuna jumba la maonyesho la Ángela Peralta. Huyo alikuwa mwimbaji wa opera, maarufu hadi Ulaya, aliyefika Mazatlán na kundi lake mwaka 1883 na kufia hapo kwa homa ya manjano pamoja na wenzake wengi. Mji ulioshindwa kumtibu ukampa jumba jina lake.

Kisha panda El Faro, mnara wa taa ulio juu ya kilima cha mita 157 hivi mdomoni mwa bandari. Panda asubuhi mapema. Saa nne kilima hicho hakina huruma. Ukishuka, nenda mtaa wa Aquiles Serdán, ambako wanawake wanaoitwa *changueras* huuza kamba wabichi kwenye mabeseni chini ya miavuli. Chagua, lipa, kisha wapelekee wapishi wa vibanda vya jirani wakukaangie.

Malecón yake ina urefu wa kilomita 21 hivi. Ukichoka, simamisha *pulmonía*: teksi ndogo ya wazi isiyo na milango, iliyobuniwa hapo katika miaka ya 1960, yenye muziki wa matarumbeta kwa sauti isiyo na adabu. Patana bei kabla ya kukaa. Na kama unaweza, lenga siku za kanivali kabla ya Kwaresima. Mji umekuwa ukiiandaa rasmi tangu 1898, na watu wake hawalali.

Na Puerto Vallarta?

Ndiyo rahisi kuliko yote kwa mgeni. Uwanja wa ndege uko mjini, Kiingereza kinasikika kila kona, na ghuba ya Banderas huleta nyangumi wenye nundu kati ya Desemba na Machi. Huja kuzaa kwenye maji yenye joto. Kilikuwa kijiji cha wavuvi hadi filamu ya *The Night of the Iguana* ilipopigwa huko mwaka 1963, na waandishi wa magazeti wakamiminika kumfuata Elizabeth Taylor, ambaye hata hakuigiza ndani yake. Alimfuata tu mpenzi wake Richard Burton, aliyeigiza.

Kwa maoni yangu sehemu za hoteli kubwa zingeweza kuwa popote duniani. Panda boti ya abiria kutoka gati la Los Muertos hadi Yelapa, kijiji cha kusini mwa ghuba. Huko utapumua.

Nasikia Acapulco imekwisha. Kweli?

Imejeruhiwa, haijafa. Usiku wa kuamkia 25 Oktoba 2023 kimbunga Otis, kilichokuwa dhoruba ya kawaida siku moja tu kabla, kilitua kikiwa cha daraja la 5. Hoteli nyingi za ghubani zilibaki mifupa. Septemba 2024 kimbunga John kikaleta mafuriko juu ya majeraha hayo. Hoteli zimeendelea kufunguliwa, ila kabla ya kulipia chumba uliza waziwazi kama lifti, bwawa na maji vinafanya kazi.

Sababu ya kwenda ni historia. Mwaka 1565 mtawa na baharia Andrés de Urdaneta aligundua njia ya kurudi kutoka Ufilipino kwa kupanda kwanza kaskazini hadi kwenye pepo za magharibi, akatia nanga Acapulco. Kwa miaka 250, hadi 1815, majahazi makubwa ya Hispania yalikwenda Manila na fedha ya migodi ya Amerika, yakarudi na hariri, vyombo vya kaure na viungo. Sisi tuliokulia kwenye hadithi za kaskazi na kusi tutaielewa biashara hii haraka: ni upepo ule ule unaopanga tarehe za soko, ila bahari ni kubwa zaidi na wanaorudi ni wachache zaidi. Ngome ya San Diego, yenye umbo la nyota, ilijengwa kuilinda, ikabomolewa na tetemeko la 1776, ikajengwa upya. Ndani yake kuna jumba la makumbusho.

Halafu kuna La Quebrada. Tangu 1934 vijana wanapiga mbizi kutoka mwamba wa mita 35 hivi kwenda kwenye mfereji mwembamba wa bahari. Wanasali kwanza kwenye kijihekalu cha Bikira Maria, kisha wanasubiri wimbi, kwa sababu bila wimbi kuingia maji hayatoshi kumpokea mtu. Ukiweza, nenda usiku, wanaporuka na mienge.

Je, kuna watu wenye asili ya Afrika pwani hiyo?

Wapo, na wengi. Kusini-mashariki mwa Acapulco, kuelekea Oaxaca, pwani inaitwa Costa Chica, na vijiji vyake vingi ni vya wajukuu wa Waafrika walioletwa utumwani enzi za Wahispania. Katika sensa ya 2020 zaidi ya watu milioni 2.5 nchini Mexico walijitambulisha kuwa na asili ya Afrika. Katiba iliwatambua rasmi 2019 tu. Mji wa Cuajinicuilapa una jumba la makumbusho kuhusu historia yao, na siku za kuwakumbuka wafu, mwanzoni mwa Novemba, hucheza ngoma ya mashetani wakiwa na vinyago vyenye ndevu za manyoya ya farasi.

Wengi wa wazee wao walitoka Afrika Magharibi na Kongo na Angola. Lakini wachache walifika kwa njia ndefu inayotuhusu sisi: Wareno waliwachukua Msumbiji, wakauzwa Goa, wakapelekwa Manila, wakavushwa Pasifiki hadi Acapulco.

Jimbo la Guerrero lenyewe limebeba jina la Vicente Guerrero, mpigania uhuru mwenye asili ya Afrika aliyekuwa akiendesha misafara ya nyumbu, akawa rais na kutangaza mwisho wa utumwa mwaka 1829. Nenda Costa Chica na mwenyeji, mchana, bila papara ya kupiga picha za watu.

Usalama ukoje, bila kunificha?

Kwa miaka serikali ya Marekani imeyaweka majimbo ya Sinaloa, Guerrero na Colima kwenye daraja la juu kabisa la tahadhari, na Mazatlán, Acapulco, Zihuatanejo na Manzanillo zimo humo. Tangu Septemba 2024 makundi mawili ya genge la Sinaloa yanapigana, vita vyake vikiwa hasa Culiacán, mji mkuu wa jimbo hilo, lakini Mazatlán haikusalimika. Jalisco nayo ina genge lake kubwa. Mtalii kwa kawaida si mlengwa, ila barabara ikifungwa kwa magari yanayoungua, inafungwa kwa wote.

Soma habari za wiki ile ile unayosafiri, si za mwaka jana. Fika kwa ndege badala ya kuendesha gari kati ya majimbo, na usisafiri barabarani usiku. Teksi iitwe na hoteli au programu ya simu. Usinunue dawa za kulevya, hata kidogo, maana hapo ndipo mgeni anapojiingiza mwenyewe. Ukiwa na watoto au roho ndogo, chagua La Paz au Huatulco.

Nitakula nini, na mimi ni Mwislamu?

Utakula vizuri kuliko unavyodhani, kwa sababu pwani hiyo ni ya samaki. Chakula cha Sinaloa ni *aguachile*: kamba wabichi waliorowekwa kwenye ndimu na pilipili iliyosagwa, pamoja na tango na vitunguu. Tumbo lisilozoea lianze taratibu. Asiyetaka kibichi aagize *pescado zarandeado*, samaki aliyepasuliwa, akapakwa viungo na kuchomwa juu ya moto wa kuni, ndugu wa samaki wetu wa kupaka asiyejua nazi.

Hatari yako ni mafuta ya nguruwe. Yamo kwenye maharage ya kupondwa, kwenye tamale, na mara nyingi kwenye chapati za ngano za kaskazini. Chapati za mahindi kwa kawaida ni salama. Uliza, "¿Lleva manteca?" (Ina mafuta ya nguruwe?) na usione haya. *Pozole*, supu ya mahindi ambayo Guerrero huila Alhamisi, mara nyingi huwa na nyama ya nguruwe. Misikiti ni michache sana pwani hiyo, kwa hiyo beba mkeka wako wa kuswalia na programu ya kibla.

Kuna kinywaji kitakachokushangaza: *tuba*. Ni tembo la mnazi, lililoletwa Colima na mabaharia wa Kifilipino enzi za majahazi ya Manila. Muuzaji hulibeba kwenye buyu begani, hulichanganya na vipande vya tufaha na karanga, nawe hulinywa umesimama kwenye malecón. La asubuhi ni tamu na jepesi; la jioni, mtu wa pwani hahitaji kuelezwa.

Maji ya bomba usinywe.

Nitaona kasa?

Ukienda Julai hadi Desemba, karibu hakika. Mexico ilipiga marufuku kuwawinda mwaka 1990. Mazunte, Oaxaca, kijiji kilichoishi kwa kuchinja kasa, sasa kina kituo cha serikali cha kuwahifadhi. Jirani yake, ufuo wa La Escobilla, maelfu hupanda kwa pamoja kutaga. Puerto Vallarta na Mazatlán vikundi vya hifadhi huwaalika wageni kuachia watoto wa kasa jioni. Usimshike mtoto wa kasa ukiwa umepaka mafuta ya jua, na zima mwanga wa simu.

Fedha, saa, umeme na mengineyo?

Fedha ni peso, nayo huandikwa kwa alama ya dola, kwa hiyo usizimie ukiona kahawa ya $60. Miaka ya karibuni dola moja ya Marekani imekuwa kati ya peso 16 na 21 hivi. Toa kwenye mashine za benki ndani ya jengo, si za barabarani. Bakshishi mgahawani ni asilimia 10 hadi 15.

Saa za Acapulco na Puerto Vallarta ziko nyuma yetu kwa saa tisa, Mazatlán na La Paz kwa saa kumi. Kwa hiyo ukimpigia mama saa mbili asubuhi ya Mazatlán, kwake ni saa kumi na mbili jioni. Umeme ni volti 127, na plagi yetu ya pini tatu za mraba haiingii. Chaja ya simu itafanya kazi ukipata adapta, pasi yako ya nyumbani haitapata moto. Magari hupita kulia, kwa hiyo mtu wa Kenya, Uganda au Tanzania, kabla ya kuvuka, anza kutazama kushoto.